Namna ya Kusomea Kicheko Hayes Bila Kucheka

Hongera. Umejiandikisha kozi ya jioni ya ucheshi wa televisheni, maana yake umekubali kulipa karo ufundishwe jambo ulilokuwa ukilifanya bure tangu utotoni, umekaa mkekani mbele ya runinga ya jirani. Usirudi nyuma, pesa hazirudishwi. Maelezo haya yatakufikisha mwisho wa muhula ukiwa na cheti mkononi na heshima kiasi. Yafuate yalivyo. Utakosea tu, lakini angalau utakuwa umeonywa.

Anza kwa kufika. London ina Hayes mbili, na hakuna atakayekwambia. Moja iko Bromley, kusini mashariki, na stesheni yake inaitwa Hayes, basi, bila maelezo. Yako iko magharibi, katika wilaya ya Hillingdon, jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow, na stesheni yake ni Hayes & Harlington. Ukiiandikia simu neno moja tu, huenda ikakupeleka Bromley, ushukie penye miti mikubwa na utulivu wa wenye nazo, uanze kumuuliza bibi mwenye mbwa chuo kiko wapi. Bibi atakuelekeza kwa upole mkubwa, kwa kuwa Mwingereza wa makamo yake huona aibu kumwambia mgeni kwamba hajui. Wewe pandia Paddington, treni ya Elizabeth iendayo magharibi, na usisinzie. Ukisinzia katika ile ya Heathrow, utaamkia uwanjani, na tiketi ya kwenda kwenu itaonekana nafuu kuliko insha inayokungoja. Ukisinzia katika ile ya Reading, utapitishwa hadi Slough, stesheni ya nne baada ya Hayes. Hapo usiseme ulipotea. Sema ulikwenda kuutazama mji ambao BBC iliuchagua mwaka 2001 kuwa makazi ya The Office, ile komedi ya ofisi ya karatasi na bosi anayejiona mcheshi. Onyo: mkufunzi atafurahi mno, na wiki ijayo utasimamishwa mbele ya darasa ueleze ulichokiona Slough, kwa dakika kumi, na picha.

Kisha jifunze kuuheshimu mji, kwa sababu hakuna mwingine atakayefanya hivyo. George Orwell alifundisha shule ya wavulana hapa mwaka 1932 na 1933, na katika barua zake aliuponda mji bila huruma. Wakati yeye analalamika, mwendo wa miguu tu kutoka shuleni kwake, mafundi wa kampuni ya EMI chini ya Isaac Shoenberg walikuwa wakihangaika na kamera ya Emitron na mfumo wa picha uliokuja kuwa wa mistari 405. BBC ilipofungua matangazo ya televisheni Alexandra Palace tarehe 2 Novemba 1936, iliupima mfumo huo na ule wa John Logie Baird kwa zamu, huu wiki hii, ule wiki ijayo. Kufikia Februari 1937 wa Baird ulikuwa umetupwa. Kwa hiyo runinga iliyojulikana Uingereza kwa miaka mingi ilipikwa hapahapa Hayes, kwenye kiwanda kilichokuja kuchapa santuri za Beatles. Majengo yake sasa yamekuwa fleti. Jielimishe yote haya, kisha uyafiche, maana darasani yatatumika mara moja tu, katika wiki ya pili, mtakapofundishwa Pinwright's Progress ya mwaka 1946, inayohesabiwa kuwa komedi ya kwanza ya mfululizo katika televisheni ya Uingereza. Ilikuwa na vipindi kumi vya mwenye duka anayeteswa na wafanyakazi wake, vyote vilivyorushwa mubashara. Hakuna rekodi hata ya kipindi kimoja. Hilo lisikutishe. Utatakiwa kuwa na maoni juu ya komedi hiyo, na wenzako watakuwa nayo, marefu. Kadiri kitu kisivyoweza kuonekana, ndivyo chuo kinavyokijadili kwa uhakika. Onyo: usiwasimulie wakazi wa zile fleti kwamba televisheni ilizaliwa chini ya sebule yao. Watadhani unauza ving'amuzi.

Sasa nyumbani. Usiseme unasomea ucheshi. Nasisitiza, usiseme. Kundi la familia kwenye WhatsApp lina watu waliochangia nauli yako, na mmoja kati yao aliuza ng'ombe. Ukiteleza ukaandika "komedi", simu itakaa kimya nusu saa, kisha atakuja Shangazi kwa ujumbe wa sauti.

"Mwanangu, nimesikia. Nimeuliza tena, wakaniambia ndiyo, umesikia vizuri. Sasa niambie, King Majuto alisomea chuo gani? Mama Kayai ana digrii ya nini? Au huko Uingereza watu wamesahau kucheka mpaka wafundishwe?"

Swali la mwisho ni zuri kuliko maswali yote utakayokutana nayo katika mtihani, kwa hiyo usijaribu kulijibu. Sema unasoma "mawasiliano ya umma". Ni jina lenye suti na tai, na halijawahi kumfukuzisha mtu kwao. Onyo: mjomba mmoja atataka umfanyie mpango wa kutangaza mpira.

Siku ya kwanza, chagua kiti kwa makini, kwa sababu ndicho utakachozikwa nacho. Hakuna sheria iliyoandikwa kwamba mtu akae alipokaa wiki iliyopita, na hakuna atakayeivunja. Ukikalia kiti cha mwenzio atakusalimu kwa tabasamu, atakaa nyuma yako, na hatakusamehe hadi mahafali. Baada ya hapo kila mtu atajitambulisha na kutaja kipindi akipendacho. Nusu ya darasa itasema Fawlty Towers. Wewe pia sema Fawlty Towers. Ni vipindi 12 tu, vya mwaka 1975 na 1979, kwa hiyo unaweza kuvimaliza Jumapili moja na hakuna atakayekushika. Kama wewe ni Mzanzibari, utawashwa ulimi kusimulia kwamba Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Simulia ukipenda. Watatikisa kichwa kwa heshima ileile wanayompa mtoto anayesema baba yake ni rubani.

Hatua inayofuata ndiyo inayowaangusha wengi: namna ya kutazama kichekesho darasani. Kanuni ni kwamba hakuna anayecheka. Unaruhusiwa kutoa pumzi puani, mara moja, ukiwa umeshika kalamu. Mkufunzi atazima taa na kuweka ile sehemu ya Fawlty Towers ambapo Basil, mwenye hoteli, gari lake limemzimikia njiani na chakula cha wageni kimo ndani, analipa gari onyo la mwisho, kisha anatoweka kwenye fremu. Sekunde zinapita. Anarudi mbio na tawi la mti na kuanza kulicharaza gari viboko. John Cleese, anayemwigiza Basil, ana miguu mirefu kupita kiasi, na tawi lenyewe legelege, linapinda kabla ya kufika, hata adhabu inakuwa haina nguvu. Wewe umekulia mahali ambapo kiboko ni somo la lazima. Utaangua kicheko, utapiga paja, utasema "aisee" kwa sauti, na utageuka kumtafuta jirani wa kugonganisha naye mkono. Jirani anaandika. Wote wanaandika, nyuso zimeelekea skrini kama madaktari mbele ya picha ya eksirei. Taa zitawashwa, na mkufunzi atakuuliza kwa upole wa kweli: "Unafikiri ni nini kilichokuchekesha?"

Usijibu "kinachekesha." Jibu hilo liliwahi kutolewa, na aliyelitoa sasa anasoma uhasibu. Chagua mzee mmoja kati ya hawa wanne. Ukimtaja Hobbes, umesema tunacheka kwa sababu ghafla tumejiona bora kuliko aliyeanguka. Ukimtaja Kant, umesema tulitarajia kikubwa kikaja kisicho kitu. Freud, kitabu chake cha mwaka 1905, anakuruhusu kusema kuna kitu kilichofungiwa ndani kimepata upenyo. Na Bergson, wa mwaka 1900, anasema tunamcheka binadamu pale anapogeuka mashine. Basil na tawi lake wanaingia kote kunne, kwa hiyo huwezi kukosa alama. Nimejaribu kuwaingiza wazee hao kwenye msiba wa kwetu, na hapo wote wanne wanatoka jasho. Mzaramo amekufa, jeneza limetoka, na mtani wake Mnyamwezi anajilaza kaburini, anagoma kutoka mpaka alipwe, anamwiga marehemu alivyokuwa akidai chenji dukani. Mjane anacheka na machozi yanamtoka. Hakuna aliye bora hapo, wala hakuna mashine. Kuna ruhusa tu, iliyotolewa zamani na watu wasiojulikana majina, kwamba huyu anaweza kumtania yule na yule asikasirike. Onyo: usiitoe hoja hii darasani kabla ya chai. Itaitwa "ya kuvutia sana", na hiyo ndiyo namna ya Waingereza ya kufunga mlango bila kelele.

Wiki ya kicheko cha kurekodiwa pita haraka. Utaambiwa habari za Charley Douglass, fundi wa Marekani aliyetengeneza katika miaka ya 1950 mashine yenye vicheko vya kila aina, unabonyeza unapata. Utaambiwa kwamba BBC ilipoionyesha M*A*S*H iliviondoa vicheko vile, na Waingereza wakaona vita vya Korea vikiwa na huzuni ambayo Wamarekani nyumbani walikuwa wamefunikiwa. Hilo zuri, liandike. Kinachobaki ni mazoezi: runinga inacheka, nyinyi mmenyamaza.

Halafu inakuja jioni ya Mind Your Language. Jiandae mapema, kula kwanza.

Utaijua ikija kwa namna mkufunzi atakavyokohoa. Atatoa tahadhari kwamba baadhi ya yatakayoonyeshwa yanaweza kuumiza, na mwenye kutaka kutoka anaruhusiwa. Hakuna atakayetoka. Kutoka ni kujitangaza, na kutojitangaza ndiyo katiba ya nchi hii. Taa zitazimwa, na skrini itakuonyesha darasa la jioni, katika chuo cha London, mwaka 1977. Mwalimu mpole wa Kiingereza, Jeremy Brown, aliyechezwa na Barry Evans. Wanafunzi wahamiaji: Mpakistani, Mhindi wa kilemba, Mwitaliano, Mgiriki, Mhispania, Mfaransa, Mjerumani, Mjapani, Mchina. Kila mmoja anaharibu Kiingereza kwa namna ya kwao. Wewe nawe umekaa kwenye darasa la jioni, katika chuo cha London, na mwalimu mpole, kulia kwako Mpunjabi, kushoto Msomali, nyuma Mnepali na Mpolandi. Mfanano huo unaonekana hata na mlinzi wa getini. Usiutaje. Hii ndiyo kanuni kubwa kuliko zote za kozi, na mtaishika pamoja kwa saa mbili bila mtu kufundishwa.

Utakapoanza kutabasamu utagundua jambo jingine: hutazamwi na mkufunzi peke yake. Wenzako wazungu wanacheki uso wako kwanza. Ukicheka, mabega yao yanashuka, wanapata ruhusa. Ukikaza uso, wanakaza na wao, na mmoja atasema kwa huzuni kwamba kipindi ni "cha wakati wake". Maneno hayo lazima yasemwe katika jioni hii, na lazima yasemwe na Mwingereza. Wewe ukiyasema watadhani unatetea. Kwa nusu saa umeshika rimoti ya kicheko cha watu kumi na tano, na hukuomba kazi hiyo.

Ukumbushwe historia, utaihitaji kwenye insha. Kipindi kiliandikwa na Vince Powell kwa ajili ya LWT na kikaenda misimu mitatu hadi 1979, watazamaji tele, mpaka Michael Grade wa kituo hichohicho akakifuta kwa sababu aliona aibu na namna kilivyowachora wageni. Sisi hatukuarifiwa aibu hiyo. Kiliendelea kuuzwa nje, kikarudishwa mwaka 1986 kwa vipindi 13, na Wahindi wakajitengenezea chao mwaka 1993, Zaban Sambhalke, ambamo Kihindi ndicho kinachoharibiwa. Afrika Mashariki tulikitazama hadi tukajua ni sentensi gani inafuata.

Na hapa nitakupa bure jambo ambalo kozi haitakupa. Tulikipenda kwa sababu mbili ambazo hazimo kwa Hobbes wala Kant. Ya kwanza, kwenye madawati yale ya 1977 Mwafrika hakuwapo. Tulikuwa wageni waalikwa kwenye harusi ya matusi ya wengine. Ya pili ni tamu zaidi. Waliosoma Kenya wanakumbuka kibao cha kuning'inizwa shingoni mtoto akinaswa anasema lugha ya mama kwenye uwanja wa shule, na fimbo mwisho wa siku kwa aliyebaki nacho. Mtoto wa namna hiyo, jioni, anafungua runinga na kumwona Mjerumani, Mzungu kabisa, mwenye nywele za dhahabu, ameshindwa na Kiingereza! Mfaransa kashindwa! Mhispania hajui hata alichoulizwa! Sijui mwanafalsafa gani angelipatia jina lile furiko la haki iliyochelewa. Liite upendavyo, lakini usiliseme mbele ya Mpunjabi na Msomali, kwa sababu Mpunjabi atakuuliza Ranjeet, yule Mhindi wa kilemba, alikuwa akimcheka nani.

Atauliza, na mkufunzi atalidaka. "Na kwenu je? Kuna vipindi vya namna hii?"

Jibu sahihi ni hapana. Litoe upesi, kabla kumbukumbu haijafika. Maana ikifika itakuja na Vitimbi na Vioja Mahakamani vya Kenya, na lafudhi za makabila zikipishana kizimbani kama matatu za barabara ya Tom Mboya. Itakuja na Mzee Ojwang, aliyeigiza Mjaluo mpaka taifa likasahau kwamba jina lake ni Benson Wanjau na kwao ni kwa Wakikuyu. Alipofariki Julai 2015 walimlilia wote, Wajaluo kwa Wakikuyu. Itakuja na Ze Komedi ya Tanzania, ya akina Joti na Masanja, na Mchaga wa kuigiza asiyeweza kupita mbele ya noti. Itakuja na wewe mwenyewe, katika ukumbi wa kukodi Hayes, kwenye harusi ya binamu, kipaza sauti mkononi, ukimwiga Mpemba aliyepanda ngazi za umeme za Heathrow kwa mara ya kwanza. Ulishangiliwa. Hakuna aliyekuuliza kama Wapemba waliohudhuria walikupa ruhusa ya utani, ile ya Mnyamwezi kaburini. Kuna mmoja alikuwa meza ya sita. Alipiga makofi. Alipiga makofi kwa namna ileile ambayo wewe hutoa pumzi puani. Onyo: ukishalikumbuka hili, kozi imeshakuharibu, na bado kuna wiki tano.

Wiki mbili zinazofuata utapewa ahueni. Utaonyeshwa Goodness Gracious Me, iliyoingia televisheni ya BBC mwaka 1998, na mchezo wake maarufu wa Wahindi walevi wakiingia mgahawa wa chakula cha Kiingereza na kumsumbua mhudumu mzungu kama wao wanavyosumbuliwa kila Ijumaa. Hapo cheka kidogo, kila mtu anacheka kidogo, ruhusa imetolewa na wenyewe. Kisha Desmond's ya Channel 4, 1989 hadi 1994, kinyozi wa Peckham na wateja wake, na Matthew, Mgambia, mwanafunzi asiyehitimu, aliye na methali ya Kiafrika kwa kila jambo. Kuanzia jioni hiyo utatazamwa kwa matumaini. Watataka methali. Wape, ni kazi ya dakika: chukua mnyama, chukua mto, mfanye mnyama asivuke. Wataandika. Siku utakayowapa ya kweli, uliyoisikia kwa nyanya yako, mtu atakuuliza kama umeitunga ndani ya treni.

Insha ni maneno 2,000. Mada: kichekesho kimoja ukipendacho. Chukua usichokipenda, kwa sababu hakitatoka hai. Kanuni ni chache. Usiseme "mimi". Usiseme "chekesha". Kila ulichokifikiri mwenyewe kitafutie mtu aliyekisema kabla yako, jina na mwaka kwenye mabano, hata kama ni kwamba ndizi ikikanyagwa huteleza. Badala ya "watu walicheka", andika kwamba tukio "linaibua maswali". Likiibua maswali matatu kwa ukurasa uko salama. Itarudi na alama ya kupita na maoni kwa kalamu ya kijani: kazi nzuri, ila sauti yako mwenyewe haisikiki.

Mwisho utatakiwa kuandika tukio lako, kurasa tano, mahali Hayes. Hapa niko tayari kuweka dau kwamba utaandika hivi: kijana wa Tanga amekuja London, anafanya kazi ya usiku kupakia mizigo Heathrow, anachekwa na msimamizi, anasoma, anahitimu, anakuwa msimamizi wa msimamizi, ananunua kiwanja Kigamboni. Kuna mwizi katikati, anapigwa. Mkufunzi atasoma mpaka mwisho, atageuza karatasi kuona kama kuna ukurasa mwingine, na atauliza: "Anashindwa wapi?"

Hukuelewa. Komedi ya Kiingereza ni chumba ambacho mlango uko wazi na hakuna atokaye. Bosi wa Slough hatapandishwa cheo na Basil hatauza hoteli. Del Boy wa Only Fools and Horses alikaa tangu 1981 akisema mwakani tutakuwa mamilionea, na siku walipokuwa mamilionea kweli, tarehe 29 Desemba 1996, watu milioni 24.3 walikaa kutazama kama wanaaga maiti. Mwaka 2001 wakarudishwa, na jambo la kwanza walilofanyiwa ni kufilisiwa. Watu wakashusha pumzi. Kwa hiyo mrudishe kijana wako chini. Mnyime digrii. Kiwanja cha Kigamboni kiwe kimeuzwa kwa watu watatu. Mwache anapakia mizigo, miaka kumi, na kila alfajiri anamwambia Shangazi kwa simu kwamba mambo yanakaribia. Utapewa alama ya juu kuliko zote za darasa. Onyo: usimtumie Shangazi nakala. Atadhani ni barua.

Sasa umehitimu, na kilichobaki ni kuishi na watu. Siku ya Idi mtajazana sebule moja karibu na Uxbridge Road, pilau imeliwa, na simu itapita mkono kwa mkono: Joti kavaa gauni, kajifunga kitambaa, anamgombeza mtu sokoni. Watoto wamelala chali kwa kucheka. Mama mwenye nyumba anafuta macho kwa ncha ya leso. Utahisi kitu kinapanda kifuani, utadhani ni kicheko, kumbe ni Bergson. Kabla hujajizuia utakuwa umesema kwamba jambo la kuzingatia hapa ni mwili unavyogeuzwa mashine, tena kuna suala la nani kapewa ruhusa ya kumwigiza nani. Simu itasimama mikononi mwa mtu. Kisha mwenye nyumba atakwambia, kwa adabu kamili, "Baba, hebu kaangalie chai kama imechemka."

Nenda kaangalie. Na kama bado una hamu ya shule, muhula ujao chuo kinatoa kozi ya tamthilia za huzuni, Jumanne, darasa la mkabala na lenu la zamani. Wahi kujiandikisha, nafasi zake huisha mapema. Mlango wao hauzibi sauti vizuri, na muhula mzima mlikuwa mkiwasikia wanacheka.